Mwalimu Aliyevaa Nguo za Vita: Maisha ya Kapteni Wilm Hosenfeld

Wakatekumeni wapenzi, wako watu wanaofikiri ya kuwa siku ya ubatizo vita vyao vyote vitakwisha. Wanahesabu miezi, wanajifunza maulizo na majibu, nao wanajiambia moyoni ya kuwa wakiisha kupokea maji matakatifu, shetani hataujua tena mlango wao. Sivyo ilivyo. Leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyebatizwa tangu utoto wake, mwana wa mwalimu mkristu, naye mwenyewe mwalimu wa shule ya kijijini. Lakini alipokuwa mtu mzima alidanganyika, akamfuata bwana mbaya. Nitawasimulia pia jinsi macho yake yalivyofunguka, na yale aliyoyatenda baadaye, na malipo aliyoyapata hapa duniani. Jina lake ni Wilm Hosenfeld. Alikuwa afisa katika jeshi la Wajerumani, wale ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, wakati wa vita vikubwa vya pili vya dunia.

Mtoto wa mwalimu

Wilm alizaliwa tarehe 2 Mei 1895 katika kijiji cha Mackenzell, karibu na mji wa Fulda, katikati ya nchi ya Ujerumani. Fulda ni mji wa wakatoliki tangu zamani sana. Humo mna kaburi la mtakatifu Bonifasi, askofu aliyewahubiria Wajerumani Injili, akauawa mwaka 754. Baba yake Wilm alikuwa mwalimu, na nyumbani mwao sala ilikuwa kama chakula cha kila siku. Mtoto aliipenda kazi ya baba yake, akajifunza ualimu.

Mwaka 1914 vita vikubwa vya kwanza vikatokea huko Ulaya. Wilm akaenda kupigana, kijana wa miaka kumi na tisa. Alipigana kama askari wa miguu hata mwaka 1917, ndipo akajeruhiwa vibaya. Wakubwa wake wakampa nishani iitwayo Msalaba wa Chuma. Akarudi nyumbani na kovu mwilini, tena na heshima machoni pa watu.

Mwaka 1920 alimwoa Annemarie, binti ya mchoraji wa picha. Mwanamke huyu alichukia vita kwa moyo wake wote. Mungu akawajalia watoto watano. Mwaka 1927 Hosenfeld akapewa shule ya kijiji cha Thalau, si mbali na Fulda, akakaa huko pamoja na jamaa yake.

Siku zile walimu wengi wa Ulaya waliwafundisha watoto kwa fimbo. Hosenfeld hakuipenda fimbo. Mtoto mdogo aliyeshindwa kuzitambua herufi alimpakata magotini, wakazisoma pamoja polepole. Tena inasimuliwa ya kuwa mfukoni mwake alitia vitambaa viwili: kimoja cha kupangusia pua yake mwenyewe, na cha pili cha kupangusia pua za watoto wadogo. Likumbukeni jambo hili, maana mtu aliyezoea kumwinamia mdogo hawezi kuusahau upesi uso wake, hata akivaa nguo gani.

Njia isiyokuwa njema

Baada ya vita vya kwanza Wajerumani walikuwa wameshindwa. Fedha yao ilipoteza thamani, kazi zikakosekana, na watu wengi walikuwa na uchungu na haya. Katika uchungu ule akasimama mtu mmoja, Adolf Hitler, akawaahidi kazi, nguvu na heshima. Akawaambia ya kuwa damu yao ni bora kuliko damu ya mataifa mengine, na ya kuwa Wayahudi ndio chanzo cha taabu zao zote. Mwaka 1933 akapata utawala.

Hosenfeld aliipenda nchi yake. Alipenda vijana, michezo na nyimbo, naye aliona vijana wakiandamana kwa utaratibu mzuri chini ya bendera mpya. Akavutwa. Mwaka ule ule wa 1933 akaingia katika SA, kundi la watu waliovaa mashati ya rangi ya udongo na kumtumikia Hitler. Na mwaka 1935 akaingia katika chama chenyewe.

Baadaye alianza kuona mambo yasiyompendeza. Wakuu wa chama walilidharau Kanisa, wakataka vijana wawafuate wao tu. Mwaka 1937, siku ya Jumapili ya Matawi, barua ya Papa Pio wa Kumi na Moja ilisomwa katika makanisa ya Wajerumani, kuwaonya watu wasiifanye damu na taifa kuwa mungu wao. Barua ile iliingizwa nchini kwa siri, ili watawala wasiizuie. Hata hivyo Hosenfeld hakutoka chamani. Alikuwa kama mtu aliyepanda mtumbwi na wenzake. Akisikia maji yanaingia, ananung'unika, lakini haondoki.

Angalieni basi, ndugu zangu. Mtu huyu alikwenda Misa. Alijua amri kumi. Aliwapangusa watoto pua zao kwa upendo. Lakini alifuata sauti iliyomwambia ya kuwa taifa lake ni kubwa kuliko mataifa mengine. Dhambi haiji kwetu sikuzote na sura ya kutisha. Mara nyingine huja na bendera, na ngoma, na nyimbo nzuri.

Machozi mlangoni

Tarehe 1 Septemba 1939 majeshi ya Hitler yakaingia nchi ya jirani, ndiyo Polandi, ambayo watu wake wengi ni wakatoliki. Hosenfeld alikuwa na miaka arobaini na minne. Akaitwa jeshini mara ya pili, akapelekwa katika mji wa Pabianice, akapewa kazi ya kutengeneza kambi ya mateka wa vita na kuilinda.

Huko macho yake yakaanza kufunguka. Aliona maelfu ya askari wa Polandi wenye njaa. Aliona jinsi walivyotendewa vibaya, na Wayahudi kuliko wote. Aliona mama na wake zao wakisimama mlangoni na kulia, wakiomba wawaone waume na wana wao. Amri ya kambi ilikatazia mambo hayo, lakini mlinzi akaanza kuufungua mlango kidogo kidogo. Siku moja alikutana na mwanamke mwenye mimba aliyekuja kumtafuta mume wake. Hosenfeld akaandika jina la mume, akaahidi kumrudisha nyumbani. Naye akaitimiza ahadi yake. Tangu siku ile akawa rafiki wa jamaa ile, yeye aliyekuja kwao kama adui.

Lakini si kila mara alipoweza. Wakati wa baridi kali, kati ya mwaka 1939 na 1940, kikosi chake kilikaa katika mji wa Węgrów. Siku moja akamkuta askari wa SS, yaani kundi la Hitler lililokuwa kali kuliko yote, akimpeleka mtoto wa shule kumpiga risasi. Kosa la mtoto ni kuiba majani makavu ya ng'ombe, kadiri ya kujaza mikono miwili. Majani yale yalikuwa yamenyang'anywa wakulima wa mahali pale. Hosenfeld akapiga kelele ya kuwa haifai kumwua mtoto. Askari yule akatoa bastola, akamwelekezea yeye, akamwambia aondoke ama atakufa pamoja naye. Akaondoka. Mtoto akauawa. Jambo hili hakulisimulia kwa miaka mingi. Alimweleza mwanawe mara moja tu, baada ya muda mrefu.

Mjini Warszawa

Mwezi wa Julai 1940 Hosenfeld alipelekwa Warszawa, mji mkuu wa Polandi, akakaa huko miaka minne na nusu. Polepole akapandishwa cheo mpaka kuwa kapteni. Kazi yake ilikuwa kusimamia michezo na masomo ya askari. Alikuwa na uwanja mkubwa wa mpira na mbio, na ofisi, na makarani. Ilikuwa kazi isiyo na hatari. Mtu wa namna hii angeweza kula, kulala, na kungoja vita viishe.

Lakini katika mji ule ule palikuwa na ukuta. Mwezi wa Novemba 1940 watawala waliwafungia Wayahudi wa Warszawa ndani ya mtaa mmoja uliozungushiwa ukuta. Watu zaidi ya 400,000 wakasongamana humo, wakafa kwa njaa na kwa homa. Tarehe 22 Julai 1942 ikaanza kazi mbaya zaidi. Kila siku maelfu walipakiwa katika mabehewa ya gari la moshi, wakaambiwa ya kuwa wanapelekwa kufanya kazi mashariki. Gari liliwapeleka Treblinka, na huko waliuawa kwa moshi wa sumu. Kwa muda wa miezi miwili tu, watu karibu 265,000 walitolewa Warszawa kwa njia ile.

Maneno yakaenea katika mji. Wajerumani wengi walisikia, wakageuza nyuso zao. Hosenfeld alisikia, akauliza, akachunguza, akayaandika yote. Alikuwa na madaftari aliyoandika mawazo yake ya kila siku, na barua nyingi alizomwandikia mke wake. Humo aliandika ya kuwa aliona haya kutembea njiani na nguo zile. Aliandika ya kuwa damu hii itakuwa laana juu ya taifa lake. Wala hakusema ya kuwa ni wengine tu waliokosa. Alijihesabu mwenyewe miongoni mwa wenye hatia. Kama polisi wa Hitler wangalilifungua daftari moja tu, angalinyongwa. Naye aliyatuma nyumbani kwa posta ya askari, pamoja na nguo za kufuliwa.

Katika siku zile alijifunza lugha ya Polandi. Alikwenda katika makanisa ya watu wa mji, akasikiliza Misa, akaungama, akapokea Komunyo takatifu, ingawa askari wa Ujerumani walikatazwa. Fikirini, wapenzi: watu wanyonge wamepiga magoti, nyuma yao anaingia afisa mwenye nguo za adui. Kila mmoja angeogopa. Lakini naye akapiga magoti mbele ya altare ile ile.

Mlango wa ofisi

Toba isiyo na matendo ni kama mti usio na matunda. Hosenfeld akaanza kuitumia ofisi yake ya michezo kama mahali pa kufichia watu.

Kijana mmoja Myahudi, jina lake Leon Warm, alipasua nafasi katika behewa lililokwenda Treblinka, akaruka, akarudi Warszawa kwa siri. Hosenfeld akampatia hati zenye jina lingine, akampa kazi katika uwanja wa michezo.

Padri mmoja wa Polandi, Antoni Cieciora, wa jamaa ile ile ya mateka wa Pabianice, alitafutwa na polisi wa Hitler. Hosenfeld akamwandika karani kwa jina la Cichocki. Basi maafisa wa Ujerumani waliingia na kutoka, wakamsalimu karani, wala hawakujua ya kuwa ni padri.

Tena mwaka 1943 wapiganaji wa siri wa Polandi waliwaua askari wa Ujerumani katika mtaa mmoja wa mji. Ndipo SS wakaja kulipiza kisasi. Wakawakamata wanaume waliowakuta, wakawapakia katika kamyo ili wakapigwe risasi nje ya mji. Mmoja wao alikuwa shemeji ya padri yule. Kamyo ilipofika katika njia panda, huyu akamwona Hosenfeld akitembea kando ya njia, akampungia mkono. Hosenfeld akafahamu mara moja. Akaingia katikati ya njia, akaisimamisha kamyo, akawaambia wenye bunduki kwa sauti ya amri ya kuwa anahitaji mtu wa kazi. Akapanda, akawatazama wote kana kwamba anachagua ng'ombe sokoni, kisha akamwonyesha mmoja kwa kidole, kama kwa bahati tu. Wakamwacha ashuke. Kamyo ikaendelea na safari yake.

Msisahau wale waliobaki ndani ya kamyo. Hosenfeld mwenyewe hakuweza kuwashusha. Kama angaliomba wote, asingalipata hata mmoja. Aliyaona macho yao, akawaacha waende. Mtu anayetenda mema katika nchi ya uovu hana furaha iliyo kamili. Huokoa mmoja, na usiku huwaota wengine.

Mji unaungua

Tarehe 1 Agosti 1944 watu wa Warszawa waliinuka kupigana na Wajerumani. Walipigana siku sitini na tatu. Watu wa mji karibu 200,000 wakafa, wengi wao si askari, bali wanawake, wazee na watoto. Mwezi wa Oktoba wakashindwa, wakafukuzwa wote katika mji, na Hitler akaamuru nyumba zichomwe moja moja mpaka Warszawa usiwepo tena.

Wakati wa mapigano hayo Hosenfeld aliwekwa kuwahoji wapiganaji waliokamatwa. Hapo hatuwezi kuficha ya kuwa alilitumikia jeshi lile. Alimwandikia mke wake ya kuwa katika kazi ile alijaribu kumwokoa kila aliyeweza kuokolewa. Wakubwa hawakupendezwa na maulizo yake ya upole.

Mwezi wa Novemba mji ulikuwa kimya. Hakuna mtu, hakuna mbwa, ni theluji na majivu. Hosenfeld aliingia katika nyumba moja katika njia iitwayo Aleja Niepodległości, kuitazama, kwa sababu wakubwa wa jeshi walitaka kuweka ofisi humo. Jikoni akamkuta mtu mwenye ndevu, mchafu, amekonda kama fimbo, akitafuta chakula katika mabati yaliyoachwa. Mtu yule alikuwa Myahudi. Jina lake ni Władysław Szpilman. Kabla ya vita alipiga kinanda katika Redio ya Polandi, na watu wengi walimjua. Baba yake, mama yake, ndugu yake na dada zake wawili walipelekwa Treblinka mwaka 1942. Yeye peke yake alibaki, amejificha miaka miwili kama panya.

Szpilman alipoziona nguo za afisa akakaa chini, akingoja risasi. Nguvu za kukimbia hakuwa nazo tena. Hosenfeld akamwuliza kazi yake. Akajibu ya kuwa ni mpiga kinanda. Katika chumba cha pili palikuwa na kinanda kikubwa, piano. Hosenfeld akamwambia apige. Vidole vya Szpilman vilikuwa vigumu kwa baridi na kwa uchafu, kucha ndefu, na kinanda chenyewe kimeharibika sauti. Akapiga wimbo wa Chopin, mwana wa Polandi. Sauti ikazunguka katika nyumba tupu, ikatoka kwa madirisha yaliyovunjika, ikapotea katika majivu ya mji.

Wimbo ulipokwisha, Hosenfeld hakusema maneno mengi. Akataka kumtoa nje ya mji, lakini Szpilman akamweleza ya kuwa ni Myahudi, hawezi kutoka. Basi akapanda naye mpaka darini, akatafuta mahali pazuri zaidi, akamwonyesha nafasi ndogo juu kabisa chini ya paa, na namna ya kuvuta ngazi juu. Akarudi mara kadhaa, akamletea mikate na jamu, na blanketi nzito, na kabuti lake la jeshi. Wakati huo ofisi ya Wajerumani ilikuwa chini ya nyumba ile ile. Juu Myahudi anakula mkate, chini wenye kumtafuta wanaandika barua zao.

Katikati ya Desemba Hosenfeld alikuja mara ya mwisho. Alimwambia Szpilman awe na moyo, kwa kuwa Warusi wako karibu. Wakaagana. Szpilman alimtajia jina lake, ili siku moja aweze kumsaidia kama atahitaji. Yeye hakuuliza jina la afisa, asije akapigwa na kulitaja.

Mfungwa

Tarehe 17 Januari 1945 Warusi pamoja na askari wa Polandi wakaingia Warszawa. Szpilman akatoka mafichoni mwake amevaa kabuti la Hosenfeld, akitetemeka kwa baridi. Askari wa Polandi walipoliona kabuti wakamdhani Mjerumani, wakataka kumpiga risasi. Akapaza sauti kwa lugha yao, nao wakaacha. Kabuti lililomlinda na baridi lilikaribia kumwua. Maana ndivyo zilivyo nguo za vita, zinaficha mtu aliye ndani.

Siku ile ile, katika mji mdogo wa Błonie, upande wa magharibi wa Warszawa, Hosenfeld alikamatwa pamoja na askari wake. Baadaye kidogo mpiga fidla mmoja, rafiki wa Szpilman, alipita kando ya kambi ya mateka wa Ujerumani. Mfungwa mmoja akaja kwenye seng'enge, akamwuliza kama anamjua Szpilman wa redio, akaomba aambiwe ya kuwa yupo hapo. Akataja jina lake, lakini walinzi wakamfukuza, na mpiga fidla hakulisikia vizuri. Szpilman alipofika mahali pale, kambi ilikuwa imekwisha kuhamishwa.

Warusi walimhoji Hosenfeld kwa ukali. Kwa kuwa aliwahoji wapiganaji, walimdhani mpelelezi mkubwa. Aliposema ya kuwa aliwaokoa Wayahudi na watu wa Polandi, hawakumsadiki. Mwaka 1946 aliweza kumpelekea mke wake kadi ya posta yenye majina ya watu aliowaokoa, akamwomba awatafute wamshuhudie. Mwaka 1947 akapatwa na kiharusi. Mwaka 1950 baraza la kijeshi likamhukumu miaka 25 ya kazi ngumu.

Mwaka ule ule Leon Warm alikuja Ujerumani, akamtembelea Annemarie, akaisoma kadi ile, akamwandikia Szpilman. Ndipo Szpilman akalijua jina la mtu aliyemlisha. Alikwenda kwa mkuu wa polisi ya siri ya Polandi, mtu aliyemchukia, akamwomba msaada kwa ajili ya Mjerumani. Jibu likaja ya kuwa Warusi hawakubali. Tarehe 13 Agosti 1952 Wilm Hosenfeld akafa katika kifungo huko Stalingrad, mwenye miaka hamsini na saba. Mke wake na watoto wake hawakuwapo.

Baada ya kifo

Aliowaokoa hawakumsahau. Szpilman alikuwa ameandika kitabu juu ya maisha yake mwaka 1946. Kilipochapwa tena mwaka 1998, jina la Hosenfeld na sehemu za daftari zake ziliwekwa humo. Szpilman akafariki mwaka 2000. Mwaka 2002 sinema juu ya maisha yake ikaonyeshwa duniani kote. Mwaka 2007 nchi ya Polandi ikamtukuza Hosenfeld kwa nishani. Huko Yerusalemu, nyumba ya ukumbusho ya Yad Vashem, inayotunza majina ya Wayahudi waliouawa, ilichunguza kwanza kama mikono yake ilikuwa na damu. Kisha, mwezi wa Novemba 2008, ikamhesabu kati ya Wenye Haki wa Mataifa. Ilikuwa miaka hamsini na sita baada ya kufa kwake.

Tunajifunza nini?

Simwiti mtakatifu, neno hilo ni la Kanisa. Alikuwako mwingine siku zile, Franz Jägerstätter, mkulima mkatoliki wa Austria. Huyu alikataa kabisa kupigana kwa ajili ya Hitler, akakatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, na Kanisa likamtangaza mwenye heri mwaka 2007. Hosenfeld hakufika hapo. Alizivaa nguo zile mpaka siku ya mwisho. Mtu akiuliza kwa nini hakuzivua, sina jibu la kumtetea.

Lakini naona jambo hili: alipotambua ya kuwa amepotea, hakujidanganya. Hakusema ya kuwa yeye ni mdogo tu, ya kuwa amri ni amri. Hakungoja apate nafasi kubwa. Alitumia ofisi, hati, kabuti, mkate. Vitu vile vile alivyopewa ili amtumikie bwana mbaya, akamtumikia navyo Kristu mwenye njaa. Wala hakumwuliza mwenye njaa taifa lake wala dini yake.

Wakatekumeni wapenzi, ubatizo mnaoungojea ni mwanzo wa safari. Itakuja siku ambayo watu watawaambia ya kuwa kabila lenu ni bora, na ya kuwa watu wa ng'ambo ya mto hawastahili kuishi. Watawaambia kwa ngoma na kwa nyimbo. Siku ile mtazameni uso wa mtu mmoja tu wa ng'ambo, kama mwalimu yule alivyomtazama mtoto aliyeshindwa kusoma. Na kama mmekwisha kupanda mtumbwi mbaya, msiseme ya kuwa mmechelewa. Yeye alikuwa na miaka zaidi ya arobaini alipoanza kurudi.

Maulizo

1. Hosenfeld alibatizwa tangu utoto. Kwa nini alidanganyika?
2. Macho yake yalianza kufunguka mahali gani, nani waliyafungua?
3. Katika kamyo alishuka mtu mmoja tu. Je, tendo lile lilikuwa bure?
4. Katika kijiji chenu, ni nani ambaye watu hawataki kumfungulia mlango?